Uzi: Kiwanja cha mjini kilichokuwa sheli na karakana ya betri, kinapimwaje kabla ya kujengwa makazi?

Ramani_Kwanza

Wakuu habari zenu. Tuchukulie kiwanja cha mita 60 kwa 40 katikati ya mji. Mbele, upande wa barabara, palikuwa na sheli yenye matangi matatu ya ardhini. Nyuma palikuwa na karakana ya kuvunja betri za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani yake. Ng'ambo ya ukuta wa mashariki kuna drai klina. Sasa pamepangwa ghorofa za kuishi watu, na bustani ya watoto imechorwa palepale ilipokuwa karakana.

Mara nyingi mwekezaji anataka mashimo kumi yachorongwe wiki hii, sampuli ziende maabara, karatasi irudi imeandikwa "salama". Karatasi itarudi kweli, na inaweza isiwe na maana yoyote. Maabara hujibu ulichouliza tu. Ukiomba wapime petroli, habari za risasi hutazipata. Ukipeleka udongo wa juu, kilicho mita nne chini kitabaki kilivyo.

Kazi ya kwanza ni ya mezani na ya miguu, bila kuchimba hata sentimita moja. Kusanya picha za angani za miaka tofauti uzipange kwa mfuatano. Tangi lililong'olewa halionekani leo, lakini paa la sheli kwenye picha ya zamani litakuonyesha pampu zilisimama wapi. Tafuta michoro ya vibali vya ujenzi, ramani za maji taka, kumbukumbu za zimamoto. Ongea na mafundi waliofanya kazi pale na walinzi wa siku nyingi. Usiwaulize kama palichafuka, watakujibu hapana. Waulize mafuta machafu yalimwagwa wapi, asidi ya betri ilikwenda wapi, gari la mafuta lilisimama upande gani likishusha, na kama kuna tangi lililowahi kupungua bila kuuzwa.

Halafu tembea kiwanja chote, polepole. Andika kila kifuniko cha chuma, kila bomba la kupumulia linalochomoza ukutani, viraka vya zege vyenye rangi tofauti, sakafu iliyoliwa na asidi hadi kokoto zimebaki wazi, mfereji unaoingia ardhini na hauonekani unatokea wapi.

Ukimaliza, chora mchoro mmoja wa ardhi kama imekatwa kwa kisu, uonyeshe chanzo, njia na mpokeaji. Kwa kiwanja chetu: tangi lililovuja, maji ya ardhini, kisima cha jirani. Vumbi la risasi, mikono, mtoto. Dawa ya drai klina, mvuke kupitia nyufa za sakafu, mtu aliyelala chumba cha chini. Kila sampuli utakayochukua iwe inajibu swali lililo kwenye mchoro huo. Isiyo na swali usiichukue.

Mpima_Mipaka

Mkuu, hapo kwenye vitu vya kupima ungeviorodhesha. Na mashimo mangapi yanatosha?

Ramani_Kwanza

Kwa sheli: benzini, tolueni, ethilibenzini, zaileni, naftalini na jumla ya mafuta ya petroli. Kama ni sheli ya zamani, ongeza risasi iliyochanganywa kwenye petroli, na MTBE iliyowekwa kupandisha okteni. MTBE haing'ang'anii udongo. Huenda na maji karibu kwa kasi yao, ndiyo maana hukutwa mbali kuliko benzini. Kwa karakana: risasi, antimoni, aseniki, na pH (kipimo cha uasidi) ya udongo. Kwa drai klina: perkloroethilini pamoja na inavyovunjika kuwa trikloroethilini, dikloroethilini na vinili kloridi.

Idadi ya mashimo hutoka kwenye ukubwa wa doa unaloogopa kulikosa. Kwa gridi ya miraba, doa la duara lenye nusu kipenyo cha takriban 0.59 ya umbali kati ya vituo hunaswa kwa uhakika wa asilimia 95. Gridi ya mita 10 kwenye kiwanja chetu ni vituo 24, na itanasa doa la nusu kipenyo cha karibu mita 6. Shimo la kumwagia asidi lenye upana wa mita mbili litapita katikati ya vituo bila kuguswa. Ukitaka kunasa doa la nusu kipenyo cha mita 3, gridi inakuwa ya mita 5 na vituo vinafika 96.

Ndiyo maana hatutegemei gridi peke yake. Sehemu tunazozishuku tunazifuata moja kwa moja: miisho yote miwili ya kila tangi, chini ya pampu, kwenye maungio ya mabomba, mdomo wa kujazia. Maungio na mdomo wa kujazia huvuja sana kuliko tangi lenyewe, na wengi huchoronga kandokando ya tangi tu wakaridhika. Gridi inabaki kwa eneo ambalo historia yake haijulikani.

Kina nacho. Kwa risasi, sentimita 0 hadi 15 ichukuliwe peke yake, maana ndiyo mtoto anayoigusa. Halafu 15 hadi 60, halafu mita moja. Tabaka la juu la sentimita 15 likiwa na miligramu 2000 kwa kilo, na sentimita 85 zilizobaki zikiwa na 40, ukivichanganya kwenye mfuko mmoja unapata 334. Umeificha sumu kwa kijiko cha kukorogea.

DadaMaabara

Hapo kwenye kuchanganya naomba nikazie, kwa sababu kwa benzini ni mbaya zaidi. Udongo wenye petroli ukiuweka kwenye mfuko wa plastiki, ukauponda na kuuchanganya, unachopeleka maabara ni udongo uliokwisha kupumua. Tumeona watu wanatia sampuli kwenye chupa ya mdomo mpana, nusu udongo nusu hewa, inakaa juani kwenye gari nusu siku. Jibu linarudi "haikuonekana".

Utaratibu ni huu. Mche wa udongo uliochorongwa ukitoka ardhini, upasue kwa urefu, pitisha kifaa cha PID (kinachonusa mvuke wa kemikali) juu yake haraka na weka alama panaposoma juu zaidi. Pale pale, ndani ya dakika chache, chomeka sirinji iliyokatwa ncha uchukue takriban gramu 5, uzisukume ndani ya chupa ya mililita 40 ambayo maabara imeshaipima uzito na kutia mililita 5 za methanoli. Futa mdomo wa chupa: punje moja ya mchanga kwenye uzi wa kifuniko inatosha kuvujisha. Usibandike lebo nyingine, uzito utabadilika. Barafu, nyuzi 4. Jaza pia chupa ya pili bila methanoli kwa ajili ya kupima unyevu.

Unyevu ni muhimu kwa sababu viwango vya kulinganishia huwa vya udongo mkavu. Udongo wenye unyevu wa asilimia 25 ukisoma 150 ukiwa mbichi, ukiwa mkavu ni 200. Angalia karatasi imeandika kipi.

Kuhusu PID: taa yake ya kawaida ya 10.6 eV (kipimo cha nishati ya mwanga) huona benzini na perkloroethilini vizuri, lakini methani haioni kabisa. Mvua na unyevu huipotosha. Namba yake ni ya kuchagulia pa kuchukua sampuli, haiingii kwenye jedwali la matokeo.

Kabla ya kusaini na maabara, uliza kitu kimoja: kiwango cha chini kabisa wanachoweza kuripoti. Mwongozo wa WHO wa benzini kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Maabara inayoanza kuona kwenye 50 ikikuandikia "haikuonekana", haijakuambia kitu.

Na usiogope gharama za sampuli za ukaguzi. Pacha moja kwa kila kumi, chupa moja ya maji safi inayosafiri kwenye kila boksi la barafu na kurudi bila kufunguliwa, na maji ya kusuuzia vifaa. Chupa ya safari ikirudi na benzini, basi boksi lilikaa karibu na dumu la mafuta ya jenereta. Hutokea, na bila chupa hiyo ungelaumu ardhi.

Fundi_Visima

Niingie kwenye maji. Visima vitatu ndio mwanzo, kwa sababu mwelekeo wa maji hupatikana kwa pembetatu. Visiwe kwenye mstari mmoja. Kimoja kiwe upande maji yanakotoka kabla hayajafika kwenye matangi, viwili upande yanakoelekea.

Ujenzi: bomba la PVC la milimita 50, sehemu yenye matundu mita 3, tundu la milimita 0.25. Kwa petroli, matundu lazima yavuke usawa wa maji, mita moja juu na mbili chini, kwa kuwa petroli huelea. Ukizamisha matundu yote chini ya maji, mafuta yataelea nje ya bomba na wewe utachota maji safi kabisa. Pima pia usawa wa maji kiangazi na masika kabla ya kuamua. Kisima kilichotegwa kwa usawa wa masika hukauka.

Mchanga safi uzunguke matundu na upande sentimita 60 juu yake, halafu bentonaiti (mfinyanzi unaovimba) sentimita 60 iliyomwagiwa maji ivimbe, halafu tope la saruji na bentonaiti hadi juu. Mabomba yaungwe kwa nati za uzi. Gundi ya PVC ni marufuku, ina viyeyusho ambavyo vitaonekana kwenye majibu yako kama uchafuzi.

Kimo cha vichwa vya visima kipimwe kwa dampi ya kweli (darubini ya mpima ya kusomea usawa), kwa usahihi wa milimita kadhaa, siyo GPS ya simu. Mteremko wa 1 kwa 500 kwenye umbali wa mita 30 ni tofauti ya sentimita 6 tu. Ukikosea sentimita 3 kwenye kisima kimoja, mshale wa maji unageuka na unamtuhumu jirani asiyehusika.

Kuna hili pia ambalo linasahaulika. Petroli ikiwa imeelea kisimani, inayasukuma maji chini. Sentimita 40 za petroli yenye uzito linganishi wa 0.75 zinashusha maji kwa sentimita 30. Lazima uzirudishe 30 hizo kwenye hesabu kabla ya kuchora mwelekeo. Wala usiseme ardhini kuna tabaka la petroli la sentimita 40: unene wa kisimani si unene wa kwenye udongo.

Kuchota: pampu ndogo, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, maji yasishuke zaidi ya sentimita 10. Soma vipimo kila dakika tatu hadi tano mpaka visomo vitatu mfululizo vitulie: pH ndani ya 0.1, upitishaji umeme ndani ya asilimia 3, oksijeni na utusitusi ndani ya asilimia 10. Ndipo ujaze chupa. Ile ndoo nyembamba ya kamba inatibua tope. Tope likitiwa asidi ya naitriki ya kuhifadhia, risasi iliyoshikwa kwenye punje za mfinyanzi inayeyuka, na unaripoti maji yenye risasi ambayo haimo kwenye maji. Kwa metali zilizoyeyuka, chuja kwa mikroni 0.45 kwanza, asidi baadaye. Ukibadilisha mpangilio umeharibu.

Mjenzi_Ghorofa

Nimesoma yote, asanteni. Swali: kwa risasi, ile bunduki ya XRF, kifaa cha mkononi kinachopima metali kwa mionzi, haitoshi? Inatoa jibu kwa dakika moja, maabara wiki mbili.

DadaMaabara

Kwa risasi inafaa sana, ndugu, ukiitayarishia udongo. Ukiielekeza ardhini palipolowa, maji yanameza mionzi na namba inashuka. Unyevu ukizidi asilimia 20 usiiamini. Kausha, pitisha chekeche la milimita 2, weka kwenye kikombe chenye utando, piga sekunde 60. Kwa bustani ya watoto chekecha zaidi hadi mikroni 150, kwa kuwa vumbi laini ndilo linalong'ang'ania vidoleni, na mara nyingi lina risasi nyingi kuliko mchanga mnene. Peleka moja kati ya kila kumi hadi ishirini maabara ulinganishe.

Tahadhari kubwa ni aseniki. Mstari wake mkuu wa mionzi uko 10.54 keV na wa risasi uko 10.55. Kifaa hakiwezi kuvitenganisha. Risasi ikizidi aseniki mara kumi au zaidi, namba ya aseniki itupe, ipimwe maabara. Na kwenye karakana ya betri risasi karibu kila mara inazidi.

Viwango: kila nchi ina vyake, fuata vya kwako. Kwa kujua dunia inaelekea wapi, EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilishusha mwongozo wake wa risasi kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo, Januari 2024. Kiwanja kilichopewa ruhusa miaka kumi iliyopita kinaweza kurudi mezani leo.

Mvuke_wa_Chini

Hakuna aliyegusa drai klina bado, na kwangu hiyo ndiyo inayotisha kuliko yote mawili, sababu haionekani wala hainuki kwa viwango vinavyodhuru.

Perkloroethilini ina uzito wa kilo 1.62 kwa lita. Haielei kama petroli, inazama kupita maji hadi ikutane na mfinyanzi, halafu inafuata mteremko wa mfinyanzi huo hata kama maji yanakwenda upande mwingine. Kwa hiyo hapa onyo kwa wachorongaji: usitoboe tabaka la mfinyanzi katikati ya eneo unaloshuku. Anza nje uje ndani. Ukilazimika kuvuka, weka bomba la kinga lililozibwa kwenye mfinyanzi kwanza. Na kila shimo lisilohitajika lizibwe siku hiyo hiyo kwa tope la bentonaiti, kutoka chini kupanda juu. Shimo lililoachwa wazi ni bomba la kupeleka sumu kwenye mkondo wa maji safi wa chini.

Mvuke wake unapanda. Nyumba yenye joto na upepo juu yake huvuta hewa ya ardhini kupitia nyufa na matundu ya mabomba. EPA hutumia makadirio ya 0.03: mikrogramu 1000 kwa mita ya ujazo chini ya sakafu, chukulia 30 chumbani. Mvuke wa petroli una huruma kidogo, bakteria huula wakipata oksijeni. Mwongozo wa EPA wa 2015 unatosheka na mita 1.8 za udongo safi juu ya maji yaliyochafuka kwa petroli, na mita 4.6 juu ya petroli yenyewe. Perkloroethilini haina huruma hiyo.

Kupima: mrija mwembamba hadi mita 1.5, uzibwe kwa bentonaiti, subiri hewa itulie, vuta chini ya mililita 200 kwa dakika. Kabla ya hapo funika mdomo kwa ndoo iliyojazwa heliamu uone kama heliamu inaingia kwenye sampuli. Ikizidi asilimia 10 ya iliyo kwenye ndoo, unavuta hewa ya nje, ziba upya. Rudia msimu mwingine.

Mjenzi_Ghorofa

Kwa hiyo si afadhali kuchimba udongo wote mbaya ukatupwe, tuanze upya?

Ramani_Kwanza

Piga hesabu kwanza. Doa la karakana la mita 10 kwa 8, kina 2.5, ni mita za ujazo 200. Kwa tani 1.7 kila mita ya ujazo, ni tani 340, yaani safari 17 za lori la tani 20. Udongo ukichimbuliwa unavimba robo, unakuwa mita za ujazo 250, lazima uwe na pa kuurundika juu ya turubai na kuufunika. Halafu dampo linauliza kama risasi inachuja. Kipimo cha Marekani cha uchujaji hutumia kimiminika mara 20 ya uzito wa udongo, na kikomo cha risasi ni miligramu 5 kwa lita. Kwa hiyo udongo wenye jumla chini ya 100 kwa kilo hauwezi kushindwa hata risasi yote ikitoka, usilipie kipimo hicho. Wenye 1500, pima.

Kwa risasi ya bustani, kuchimba kina kifupi ni njia nzuri, naiunga mkono. Ukitaka kuifunga palepale kwa saruji, angalia pH. Risasi huyeyuka kwenye asidi, na hurudi kuyeyuka pH ikipita 11 au zaidi. Saruji nyingi kupita kiasi inafungua ulichofunga. Fosfeti ni salama zaidi kwa hilo, lakini inaweza kuiachia aseniki. Fanya majaribio ya ndoo maabara kabla ya kuleta mashine.

Kwa petroli: kunyonya mvuke ardhini hufanya kazi kwenye mchanga, kwenye mfinyanzi haifui dafu. Mtego wake ni huu: baada ya miezi kadhaa namba zinashuka, mnazima, mnasherehekea. Zima miezi mitatu upime tena. Mara nyingi zinapanda, kwa sababu kilichojificha kwenye mfinyanzi kinatoka taratibu.

Kwa perkloroethilini inayotoka kwa jirani, usisafishe upande wako kabla chanzo hakijashughulikiwa, utakuwa unadeki huku bomba linamwaga. Ukilisha bakteria ardhini ili waivunje, kazi ikisimama katikati unabaki na vinili kloridi, ambayo ni hatari kuliko ulichoanza nacho. Marekani kikomo chake kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 2 kwa lita, wakati cha perkloroethilini ni 5. Pima watoto wote wa mnyororo, siyo mzazi peke yake. Na pamanganeti, kemikali ya kuunguza uchafu ardhini, isimwagwe mahali penye kromiamu bila majaribio, inaweza kuigeuza kuwa ile ya hekisavalenti, yenye sumu kali.

Fundi_Visima

Mkuu ongezea suala la kuvuta maji wakati wa msingi. Pampu za kukausha shimo la ghorofa zinageuza mwelekeo wote wa maji ndani ya siku chache. Uchafu wa drai klina uliokuwa unapita pembeni utakuja shimoni, na maji hayo hayaruhusiwi kumwagwa mferejini hivihivi. Andaa tangi na chujio la kaboni kabla ya pampu kuwashwa.

Mvuke_wa_Chini

Na mabaki yatakayobaki chini ya kifuniko yaandikwe kwenye hati ya kiwanja. Love Canal, Marekani, mfereji uliojaa taka za kemikali ulifunikwa kwa mfinyanzi, ukauzwa kwa bodi ya shule mwaka 1953 kwa dola 1. Barabara na mabomba vikatoboa mfinyanzi ule, nyumba zikajengwa pembeni, na mwaka 1978 dharura ikatangazwa na familia zikahamishwa. Kifuniko kilikuwepo. Waliochimba mitaro hawakukiheshimu.

Kwa kiwanja chetu: sentimita 60 za udongo safi, uliopimwa kabla haujaletwa, juu ya kitambaa cha rangi kali. Fundi bomba wa miaka ishirini ijayo akikutana na rangi hiyo ajue asimame.

Mpima_Mipaka

Mabomba ya maji ya kunywa yapite wapi basi?

Fundi_Visima

Kwenye mtaro uliojazwa udongo safi, na kwenye eneo la sheli yasiwe ya plastiki ya kawaida. Benzini hupenya ukuta wa bomba la polithini na kuingia kwenye maji, hata bomba likiwa zima na lina presha. Tumia la chuma au lenye tabaka la alumini ndani, na mipira ya maungio iwe ya aina inayostahimili mafuta. Kokoto za mtaro huwa njia ya mvuke hadi chini ya nyumba, kwa hiyo weka kizuizi cha mfinyanzi mtaro unapoingia kwenye msingi. Chini ya sakafu yote, kabla zege halijamwagwa, lazeni kokoto sentimita 10 hadi 15, bomba lenye matundu ndani yake, utando juu, na bomba la kutolea lipande kupita paa. Mjenzi, waambie mafundi wa nondo wavae viatu laini wakishatandika utando. Ncha moja ya waya ikiutoboa, utambue na uzibe kabla ya zege. Jaribuni utando kwa moshi siku hiyo hiyo, muone unapovuja.